Vyuma vya Shemeji Yangu

Jumatano, tarehe kumi na mbili Juni. Ukungu ulikalia shamba mpaka saa nne, halafu ukageuka manyunyu yale ya Dundori ambayo hayaloweshi nguo ila yanaingia mfupani. Ng'ombe hawakutaka kutoka zizini, na mimi sikutaka kutoka jikoni. Ofisa wa probesheni alikuwa ametuma ujumbe kwamba atafika saa nane mchana kuchukua jibu letu.

Jibu lenyewe ni fupi. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alifungwa miaka kumi kwa kumvunja ndugu yake mkono. Amekaa minne. Korti inaangalia kama iliyobaki anaweza kuimalizia nje, akiishi hapa nyumbani na kufanya kazi ya jamii chini ya macho ya chifu. Lakini hawamrudishi mtu kwa watu aliowaumiza bila kuwauliza. Tunaoulizwa ni watatu: mume wangu aliyevunjwa, mama mkwe aliyewazaa wote wawili, na mimi. Arudi, ama asirudi?

Naandika haya kwa sababu niliulizwa mara ya kwanza mwezi wa pili, na nikajibu haraka. Jibu lile lilifanya kitu ambacho sikukikusudia. Mimi nilifika darasa la saba tu, na kupima maneno nimejifunza kwa kuyakosea. Nitajaribu kuyaweka yalivyokuwa, pamoja na yale yasiyonipendeza.

Huku kwetu viazi vikiuzwa, gunia la kwanza halibebwi na watu wa lori. Hubebwa na mwanamume wa nyumba, kutoka shambani mpaka juu ya lori, ndipo wengine waanze. Wazee walikuwa wakisema ni ili shamba lisidhani limeibiwa. Zamani hiyo haikuwa shida kwa sababu gunia lilikuwa gunia. Siku hizi ni lumbesa: gunia limejaa, halafu linashonewa wavu juu na kujazwa tena, mpaka linakuwa na kichwa chake. Wapakiaji wenyewe, watu wa kazi hiyo, huinuliwa lumbesa na wenzao wawili kabla ya kutembea nayo.

Mume wangu ni mtu mpana. Gunia la kwanza lilikuwa lake kila msimu. Mdogo wake alizaliwa kabla ya wakati, mama mkwe akamlea ndani ya blanketi kando ya moto, na hakuwahi kunenepa. Alikuwa na mikono kama ya msichana. Shuleni walimpa majina, na hapa nyumbani tuliendelea nayo bila kufikiri. Nikisema tuliendelea, najihesabu na mimi.

Siku ile mkono ulipovunjwa, lori lilikuwa limerudi kinyumenyume mpaka kwenye mlango wa stoo, na ubao umewekwa. Mume wangu akamgeukia mdogo wake akasema, "Leo beba wewe. Umekuwa mtu mzima."

Nimemuuliza mume wangu mara mbili kama ilikuwa heshima au mzaha. Mara zote mbili amesema hajui. Namwamini. Kuna maneno mtu husema yakiwa nusu hivi na nusu vile.

Shemeji alikubali. Wakamwinulia. Alitembea vizuri mpaka kwenye ubao, nami niliona mishipa ya shingo imesimama. Hatua ya tatu juu ya ubao, goti likakunjika. Gunia likamtangulia chini, wavu ukapasuka, viazi vikakimbia matopeni hadi chini ya magurudumu. Wapakiaji wakapiga kelele za furaha. Mmoja akasema, "Boss, leteni mathe yake amsaidie!" Mwingine akasema, "Huyo mpeni mizani apime, asibebe." Na mume wangu, mbele ya mnunuzi na mbele ya majirani, akasema, "Poleni jamani. Huyu huwa tunampa kikapu cha mayai."

Nikacheka. Naandika hivyo bila kupunguza. Si kwamba kila mtu alicheka. Mama mkwe hakucheka, alikuwa tayari ameinama anaokota viazi. Mimi nilicheka mpaka nikashika kiuno. Shemeji aliniangalia mimi kwanza. Halafu akachukua mpini wa jembe uliokuwa umeegemea ukuta.

Alimpiga ndugu yake mara tatu. Ya kwanza mume wangu aliikinga kwa mkono wa kulia, ukavunjika. Ya pili na ya tatu zilimpata mkono uleule akiwa chini. Hiyo ndiyo ilimfunga, hakimu alisema: zile mbili za mwisho. Mkono uliungwa hospitalini, lakini uliungana vibaya. Sasa kiwiko hakinyooki, na vidole viwili havina nguvu. Anashika kikombe. Hashiki jembe.

Miaka mitatu hatukuenda kumwona. Mama mkwe alikuwa akienda peke yake.

Mwaka jana mwishoni, mtu mmoja wa huku alitoka gerezani hukohuko, alikuwa amefungwa miezi michache kwa sababu ya pombe. Nilimkuta kwenye foleni ya maziwa, ameshika mtungi, anawahadithia wanawake.

"Shemeji yenu? Ai! Hamwezi kumjua. Amekuwa dume. Kila asubuhi anapiga chuma. Mabega hivi!" Akaweka mtungi chini ili atuonyeshe kwa mikono miwili.

"Anapiga chuma cha nini?" nikauliza.

"Cha kujenga mwili. Kuna afande anawafundisha. Mama, hapo mkae chonjo. Alipokuwa kijiti alivunja mkono. Sasa akirudi atavunja nyumba."

Wanawake walicheka, na mmoja akaniambia, "Wewe anza kupika vizuri mapema." Mimi pia nilicheka, kwa mdomo. Lakini nilirudi nyumbani nimeogopa. Nilikaa na maneno yale wiki nyingi. Nikimwona mume wangu anavaa shati, anaanza na mkono mbovu, anauvuta polepole kama anayemvika mtoto, nilikuwa naona mabega yale ya kuhadithiwa yakisimama nyuma yake.

Kwa hivyo mwezi wa pili, ofisa wa probesheni alipokuja mara ya kwanza, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya plastiki vya shambani, akaniuliza ninaogopa nini, nilikuwa na jibu tayari.

Nilisema, "Tumesikia huko ndani ananyanyua vyuma. Mtu alivunja mkono wa ndugu yake akiwa hana nguvu, sasa mnampa nguvu? Hiyo si kurekebisha mtu. Hiyo ni kulea jambazi kwa ugali wa serikali."

Nakumbuka nilijisikia vizuri. Maneno yalikuwa yamepangika. Ofisa aliandika, akaniuliza kama nina lingine, nikasema sina.

Mwezi wa tano, mama mkwe aliamka akaniambia miguu yake haimwamini tena safari ndefu. Hakuniomba niende naye. Alisema tu habari ya miguu, akaendelea kufunga kanga yake. Nikavaa.

Gereza lenyewe silitaji. Ni nusu siku kwenda na kurudi. Tulipekuliwa, tukaandikwa, tukakaa kwenye benchi la mbao lililong'arishwa na makalio ya watu wengine. Tulikuwa tumebeba sabuni na dawa ya meno. Mama mkwe alikuwa amebeba pia viazi vya kuchemsha ndani ya kitambaa, ingawa alijua havitaruhusiwa. Havikuruhusiwa. Alimpa mwanamke aliyekaa karibu nasi mwenye mtoto.

Shemeji akaletwa. Kati yetu kulikuwa na wavu wa chuma.

Nitasema nilichokiona. Mabega yalikuwepo, yule wa foleni hakudanganya kabisa. Lakini yalikuwa yameshuka, nguo ya gereza inayaning'inia kama koti kwenye msumari. Uso ulikuwa wa mtu asiyelala. Na nitasema pia nilichokifanya: nilipima kwa macho umbali kati ya mkono wake na ule wavu, na nikafurahi kwamba wavu uko. Alikuwa anamwamkia mama yake kwa upole, na mimi nilikuwa napima.

"Shemeji," akasema. "Umekuja."

"Nimekuja."

"Mkono wa bratha uko vipi?"

"Umepinda. Lakini anashika kikombe."

Akatikisa kichwa mara nyingi. Hakusema pole, na sikujua kama nilitaka aiseme. Mama mkwe akamwambia amekonda, akauliza kama anaumwa.

"Siumwi, mama. Ni vile tulikuwa na mazoezi, sasa hatuna."

Nikasema, "Tulisikia unapiga chuma."

Hapo aliamka kidogo. Ni kama mtu aliyeulizwa habari ya ng'ombe wake.

"Si chuma cha maana, shemeji. Ni debe mbili za rangi, zimejazwa simiti, katikati paipu. Lakini humu ndani ukitoka kazini kuna mambo mawili tu: kungoja chakula, na kungoja mtu akukosee. Afande alituletea la tatu. Siku ya kwanza nilishindwa kuinua zile ndogo kabisa. Nikasimama hapo nikingoja wacheke."

"Walicheka?"

"Wawili walicheka. Afande akawauliza, 'Na nyinyi siku ya kwanza mliinua nini?' Kila mtu hapo alikuwa na siku yake ya kwanza." Aliangalia mikono yake. "Mwezi wa kumi na mbili niliinua zile kubwa. Hakuna aliyesema kitu. Mtu alinipa maji tu. Nilitamani sana bratha angekuwa hapo aone, halafu nikakumbuka kwa nini niko hapo."

Mama mkwe alipangusa pua kwa ncha ya kanga.

"Sasa walichukua," shemeji akasema. "Mwezi wa tatu. Wakabeba debe zote. Siku hizi nalala mchana, usiku nahesabu mabati. Juzi tulisukumana na mtu kwa sababu ya sabuni. Kipande cha sabuni, shemeji! Lakini sisemi ni kwa ajili ya vyuma. Pengine ni mimi tu."

Mwezi wa tatu. Nilisikia hilo na sikulielewa mara moja. Nililielewa tulipokuwa tunatoka.

Getini kulikuwa na askari mmoja mwenye mvi, ndiye yule wa mazoezi. Shemeji alikuwa ametuonyesha kwa kidole. Mama mkwe, ambaye haogopi sare ya mtu yeyote, akamwendea.

"Mwanangu, zile debe mlizichukua kwa nini? Mtoto wangu halali."

Yule askari alivua kofia kwa heshima, kama kwa bibi yake mwenyewe. "Shosho, si mimi. Kuna ripoti ilikuja kwa wakubwa. Familia moja ililalamika, wakasema eti hapa tunalea majambazi kwa ugali wa serikali. Wakubwa wakaogopa yasifike mbali. Zikabebwa zote, za kila mtu."

Mama mkwe akagonga viganja. "Familia gani hiyo haina roho?"

Niliangalia viatu vyangu. Vilikuwa na matope ya nyumbani pembeni. Hakuna mtu mwingine duniani angeweza kuyapanga maneno hayo hivyohivyo. Niliyapanga mimi kwenye foleni ya maziwa, wiki nzima, kabla ya kuyasema.

Askari alikuwa mtu wa haki, naye sitamsahau kwa hilo. Alisema, "Lakini shosho, nisikudanganye. Hiyo familia haikukosea yote. Nilikuwa na mmoja hapa, asubuhi anainua vizuri, jioni ananyang'anya wengine nyama. Nilimtoa kwa mazoezi, lakini nilikuwa nimechelewa. Mwenzake alikuwa ameshapoteza meno mawili. Nguvu ni kama kisu cha jikoni. Na mimi ndiye niliyekuwa nakinoa."

"Na huyu wangu?" mama mkwe akauliza.

"Huyu wako nilimfundisha kuweka chini."

"Kuweka chini nini?"

Askari aliangalia huku na huku, akachukua ndoo ya maji iliyokuwa kando ya geti, akaiinua mpaka kifuani. Kisha akaishusha, polepole sana, mpaka nikachoka mimi ninayeangalia. Ikatua bila sauti, maji hayakutikisika.

"Hivi. Kwangu anayetupa debe anaenda nyumbani, yaani anarudi ndani, wiki nzima hagusi. Kuinua hata hasira inaweza. Kushusha hivi haiwezi. Huyu wako alikuja na tabia ya wapakiaji, akifika juu anaachilia, puu! Ilinichukua miezi mitatu. Zile siku za mwisho angeshusha debe kando ya mtoto amelala." Akavaa kofia. "Lakini moyo wake siujui, shosho. Naujua mgongo wake tu."

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapo. Ingekuwa sentensi moja. Sikusema.

Njiani kurudi, gari lilisimama Kikopey, watu wakashuka kula nyama. Moshi wa nyama choma uliingia kwa madirisha. Mama mkwe alikataa kushuka, akasema ni meno. Meno yake hayana shida. Alikaa na kitambaa chake kitupu mapajani, na kutoka hapo mpaka tulipoiacha lami alikuwa akiilaani ile familia kwa sauti ya chini. Alisema Mungu awape mtoto, wamfunge, halafu waone. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi kwamba bega letu lilikuwa moja. Niliitikia, "Ndiyo, mama." Hilo ndilo jambo baya kuliko yote niliyoandika hapa, kuliko hata kucheka. Niliitikia.

Wiki nne nimekaa nalo. Nimejaribu kulitazama pande zote, kama mtu anayekagua kiazi kabla ya kukitupa. Upande mmoja naona hivi: hakuvunja mkono wa ndugu yake kwa sababu alikuwa na nguvu. Aliuvunja kwa sababu hakuwa nazo, na sisi tulimwambia hivyo miaka ishirini na tisa. Kama kuna dawa ya ugonjwa huo, huenda ni debe la simiti na mtu mmoja wa kukupa maji bila kusema neno. Upande wa pili: yule aliyepoteza meno naye ana mama. Na mume wangu hakupigwa na unyonge, alipigwa na mpini. Nikiwa hapa shambani siwezi kuona kutoka nje ya mtu kama anajenga mwili ili asiguswe na dharau tena, au ili safari nyingine nguvu zimtoshe. Pengine hata yeye haoni. Mtu aliyesoma zaidi angeweza kuamua. Mimi kila nikifika mwisho, narudi mwanzo.

Ofisa alifika saa nane na nusu, mwavuli mkononi, viatu vilevile vya plastiki. Alizungumza na kila mtu peke yake. Kwanza mama mkwe, jikoni. Nilisikia sentensi moja tu kwa sababu aliisema kwa sauti: "Mimi nilizaa wawili, sitaki kuzikwa na mmoja." Halafu mume wangu, kwenye mlango wa stoo, palepale. Walikaa sana. Mume wangu alikuwa anachora kitu ardhini kwa mguu. Sikusikia lolote na sikujaribu.

Halafu mimi, sebuleni. Kabla hajafungua kalamu nikamwambia.

"Yale maneno ya jambazi na ugali. Yalifika gerezani."

"Najua, mama. Ripoti ni lazima ifike."

"Wakachukua vyuma. Vya wote."

Akafungua faili, akatafuta karatasi, akanisomea. Nilikuwa sijawahi kusikia maneno yangu yakisomwa na mtu mwingine. Yalikuwa magumu na makavu, na hayakuwa na foleni ya maziwa ndani yake, wala shati la mume wangu. Hakukuwa na mtu aliyeogopa ndani yake. Kulikuwa na mtu aliyejua.

"Uliwahi kumwona akinyanyua?" akaniuliza.

"La. Nilisikia."

"Nami sikukuuliza ulisikia wapi. Niliandika tu kwa sababu ilikuwa imesemwa vizuri." Akaivua miwani. "Hilo ni langu, mama, usilibebe peke yako. Sasa niambie leo. Unamwogopa?"

"Ndiyo."

"Unataka arudi?"

"Ndiyo."

"Niandike ipi?"

"Andika zote mbili. Na uandike kwamba zile debe zirudishwe. Akirudi hapa ama asirudi, zirudishwe kwa wale wengine. Lakini pawe na afande wa kuangalia, na anayenyang'anya watu nyama asiguse. Na uandike ni yuleyule aliyesema ile ya kwanza ndiye anasema hii, wasifikiri ni familia nyingine."

Aliandika. Alinisomea tena, na safari hii nilisahihisha neno moja. Alikuwa ameandika "anaomba radhi", nikamwambia sijaomba bado, na si kwake ninapopaswa kuomba.

Alipotoka nje kutuaga, tulikuwa sote watatu uani chini ya paa la zizi. Akasema wote watatu tumekubali, na ripoti itasema nyumba imekubali. Lililobaki ni la hakimu. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda kama aliyekatwa kamba. Ndipo nikasema, mbele ya ofisa, ili nisije nikajipa nafasi ya kupunguza. Nilisema familia ile ni sisi. Ni mimi.

Mama mkwe alinigeukia.

"Wewe."

"Mimi, mama."

"Niliwalaani mpaka barabara ya lami ikaisha."

"Nilisikia, mama. Na niliitikia."

"Basi nimelaani nyumba yangu mwenyewe, na wewe ukasema amina." Hakucheka, lakini mdomo ulitaka kwenda upande. Kisha ukarudi. "Ijumaa utakwenda peke yako. Mimi miguu inaniuma. Utamwambia yeye mwenyewe, usoni, na utamwacha akasirike mpaka amalize."

"Ndiyo, mama."

Sikujua mume wangu atasema nini. Alikuwa ameushika mkono mbovu kwa ule mzima, kama anavyofanya kukiwa na baridi.

"Mimi nilisema kikapu cha mayai," akasema. "Wewe ukasema jambazi. Sasa hapa wa kuogopwa ni nani?" Ofisa alijifanya kuangalia mvua. Baadaye kidogo mume wangu akaniuliza, "Lile debe la rangi tuliyopaka bafuni liko wapi?"

"Lina chakula cha kuku."

"Kitafutie mahali pengine."

Nilikimwaga chakula cha kuku kwenye gunia, nikaliosha debe, nikaligeuza juu ya jiwe likauke, ingawa kwa manyunyu haya halitakauka leo. Nilipokuwa naliosha nilijaribu kuona mtu akiliinua hapa uani likiwa limejaa simiti, mgongo umetugeukia. Sehemu yangu moja ilitaka. Nyingine ilikuwa tayari imehesabu hatua kutoka hapo mpaka mlangoni. Sijui Ijumaa nitaenda na ipi.

Jioni tulikula mukimo: viazi, mahindi na majani ya malenge, na mboga ya kabichi pembeni. Tangu mkono ule uvunjike mimi ndiye huponda. Leo mume wangu alinipokonya mwiko, akaponda kwa mkono wa kushoto, sufuria ameibana kwa magoti. Ulikuwa na mabonge, na mengine yalikuwa viazi vizima kabisa. Mama mkwe aliyatafuna yote bila kusema neno, na aliongezewa.